Kapunda Kako Kamekataa Pumba Zangu

Mama Furaha, mwenzangu,

Za huko? Huku hatujambo, ila mimi nina wivu. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu, maana hata huko wa kutoka Mlowo hawakosi, na unajua midomo yao.

Nianze na msiba wako. Loh, watu! Walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye shamba la kahawa la jirani. Ungekuwepo ungefurahi. Mimi niko jikoni namenya viazi, nasikia msemaji anasema sasa tunaomba neno la rafiki wa karibu wa marehemu. Nikanawa mikono, nikafunga kitenge vizuri, nikatoka. Nakuta Namkonda ameshashika maiki! Namkonda huyu huyu jirani yetu wa nyumba ya juu, mtu wa kukohoa kwa adabu. Anasema eti ulikuwa kama pacha wake. Pacha! Nikarudi kwenye viazi vyangu. Nilivimenya hivyo viazi mpaka vikabaki kama karanga.

Basi hilo nikameza. Likaja la kapunda.

Si uliondoka kakiwa bado kananyonya? Sasa mama yake maziwa yalikatika, Baba Furaha akamrudisha kwenye mkokoteni, anabeba mahindi ya kupeleka mashineni. Kapunda kakabaki peke yake zizini, kanatakiwa kale pumba za kuloweka kama ulivyokuwa unakazoesha. Hakali. Mbavu zikaanza kuonekana. Baba Furaha akatuita mimi na Namkonda, akasema, "Shemeji zangu, mimi siwezi huyu mtoto. Atakayemlisha akala, amchukue. Asipokula, namuuza Tunduma."

Tunduma! Kapunda ulikokazalisha mwenyewe na mvua inanyesha, mimi nimekushikia mwavuli!

Nikaingia kazini. Nikachukua pumba safi, mashudu ya alizeti kidogo, chumvi ya kuonja, maji ya vuguvugu, nikavuruga kwa mkono mpaka ukifinya inashikana, kama wewe kabisa. Nikapeleka. Kakanusa, kakageuka, kakanipa makalio. Kesho yake nikaongeza sukari. Makalio. Nikaponda ndizi mbivu nikachanganya. Makalio tena! Halafu anakuja Namkonda na beseni lake, pumba kavu kavu hazijalowana hata vizuri, na kapunda kanalamba. Kidogo tu, lakini kanalamba. Akaenda kutangaza kisimani, "Mnyama anamjua mwenye moyo mweupe." Mama Furaha, siku hiyo sikula.

Na tangu siku ya kwanza mama mkwe wangu alikuwa amenishauri, "Kaa kimya unapokalisha. Mnyama naye ana msiba, usimpigie kelele." Nikatii. Mimi! Naingia zizini nimefunga mdomo kama niko kanisani, naweka beseni, napiga magoti, nasubiri. Kapunda kananiangalia kama mtoza ushuru.

Mpaka asubuhi moja naingia zizini, na baridi ile yetu unaijua, namwona Namkonda anatoka mlangoni kwako amevaa sweta lako jekundu. Lile la kufuma. Eti kapewa kumbukumbu. Mimi nimepewa nini? Nimepewa makalio ya punda.

Uvumilivu ukaniishia. Nikakaa pale kwenye gogo ninapokaaga, nikaanza kukwambia. Nikakwambia sweta linavyombana makwapa. Nikakwambia maiki, pacha, kisima, vyote. Nikaona nisiishie hapo, nikakwambia na ya binti wa mwenye mashine, na ya yule baba wa duka aliyerudi kutoka Zambia na mke, na mke wa hapa hajui. Naongea, nalia, nafuta kamasi na kitenge. Nikasikia kitu cha joto kinapita chini ya kwapa langu. Ni kichwa. Kapunda kamejipenyeza, kamezamisha mdomo kwenye beseni langu, kanakula!

Nikanyamaza kwa mshangao. Kakaacha kula, kakasimamisha masikio. Nikaendelea na habari ya mke wa Zambia. Kakaendelea kula. Kakamaliza mpaka kakalamba beseni.

Ndipo nikaelewa. Kila asubuhi si ndivyo ilivyokuwa? Wewe unavuruga pumba umenipa mgongo, mimi nakupa habari, nikisita unasema, "Endelea, nasikia." Kapunda kamezaliwa kanasikia hivyo. Kumbe kalijua chakula ni mpaka mdomo wangu uwepo. Mimi nilipokuwa nanyamaza, nilikuwa mtu kasiyemjua.

Baba Furaha alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alianza kusikiliza wapi, naomba Mungu iwe baada ya sweta. Akasema, "Haya Mama Zawadi, kachukue. Na hizo habari nazo uzihamishie kwako."

Kako kwangu sasa. Mbavu zimeanza kufunikwa. Lakini jioni kanasimama kwenye uzio kanaangalia kwako, nami nakaona, na moyo unanichoma. Nakalisha mimi, kanakuwaza wewe. Hata wewe nakuonea wivu, ujue.

Nakuahidi hakatauzwa, hata wakija na hela za kwacha gunia zima. Kakikua katabeba mahindi yangu na ya Furaha mwanao, na kila asubuhi katakula kameshiba habari.

Lala salama, mwenzangu. Mimi nitakuja, lakini sina haraka, kapunda hakana mtu. Na Namkonda akinitangulia, mpokee vizuri, mpe maji, ila mkalishe mbali. Hapo ubavuni pako ni pangu.

Ni mimi,
Mama Zawadi