Fyuzi za Thelathini

Baba,

Mama ni mzima. Naanza na hilo ili usipate wasiwasi huko uliko, maana nakujua.

Waukumbuka ule ugomvi wetu juu ya fyuzi za jenereta ya msikiti? Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi Amu kutoka Mombasa na cheti changu, kichwa kikubwa. Nikapiga hesabu: mzigo kamili ni ampea ishirini na tisa, pakitokea shoti, zitaruka hadi mia mbili na arubaini. Nikasema fyuzi za mia zatosha, zitakatika tu. Ukatikisa kichwa. "Hiyo si ndia, mwanangu. Mia mbili na arubaini ni pumzi ya kwanza tu. Ukipepesa jicho zimeshuka, na mwisho hazifiki hata mzigo wa kila siku. Fyuzi zako zitakaa zikiutazama moto." Ukataka za thelathini, zikatike kabla mtu hajamaliza Bismillahi. Nikakuita mwoga. Mbele ya watu, Baba! Nikatia za mia.

Sikuwahi kukuomba radhi. Homa ilikuchukua wiki ileile.

Baada ya arubaini yako nilitoa karatasi yako ya hesabu, nikairudia mara tatu, nikitamani uwe umekosea. Wapi! Nikazing'oa zile za mia huku nalia, nikatia za thelathini.

Basi Alhamisi, kabla ya Maulidi, Mama akaja kibandani mwa jenereta na mrashi wake wa fedha, ule wa harusi yenu, ainyunyizie mashine yako marashi. Nami, mjinga wa Mungu, nilikuwa nimeiacha bodi ya fyuzi wazi, shaba zote nje, injini yanguruma. Mkono wake ulikuwa umelowa. Mrashi ukamponyoka, ukalala juu ya shaba mbili. Cheche! Nikapiga ukelele, "Bismi—", na Mama keshainama, keshaushika.

Umeme ulikuwa umekwisha kukatika, Baba. Bismillahi yenyewe sikuimaliza.

Akaugeuza mrashi, akaona alama nyeusi shingoni mwake, akanikazia macho: "Kwani mashine yenu haipendi marashi?" Nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha nikalia, lakini kilio chepesi. Tangu utuache sijapata kupumua namna ile. Jenereta haikudhurika. Nilibadili fyuzi, na Maulidi yakasomwa taa zote zawaka.

Nisamehe, Baba. Haya, nimelisema, na kifua kimekuwa chepesi. Bodi sasa ina kifuniko na kufuli, na juu yake nimeandika thelathini kwa rangi nyekundu.

Pumzika, Mola akuangazie kaburi lako. Nakuahidi, maadamu ni hai haitaingia fyuzi kubwa kuliko hizo. Na akija fundi mwenye cheti akaniita mwoga, sitabishana naye. Nitampeleka nyumbani, aushike mkono wa Mama, ule ulioushika mrashi.

Mwanao mkaidi