Mzee amepata pointi tatu

Nasro, nipee pole ama hongera, chagua.

Nimempeleka baba kliniki Kitengela pamoja na Lemein, rika lake. Wote moyo unapiga ovyo. Daktari akahesabu pointi za hatari ya kupata stroke.

Lemein moja, ya umri tu. Baba tatu: umri, presha, sukari.

Si mzee akasimama akampa daktari mkono. Ati asante kwa kunipitisha.

Kumpitisha, Nasro.

Daktari akaeleza. Mimi nikaeleza. Baba anamwangalia tu Lemein kwa huruma.

Sasa tumefika Isinya, naitisha dawa yake ya kuzuia damu kuganda, ile daktari amempa. Hana.

Amempa Lemein yote. Ati rika hugawana, na aliyefeli ndiye mgonjwa.