Bastola za Mzee Tadeo Zimeondoka

Jumamosi, Doonside, kitongoji tunachoishi huku ugenini. Mvua inanyesha tangu alfajiri, mvua nyembamba ya baridi isiyo na haraka, na mimi nimevaa viatu vya klabu ya kulenga shabaha.

Siendi klabu. Sina cha kwenda nacho.

Wale mnaopita kwenye ukurasa huu kuangalia picha za bastola za zamani za jeshi la Poland, leo hakuna picha. Sefu iko wazi. Ndani kuna kitambaa cha kufutia na kichupa cha mafuta, basi.

Acha nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajidanganya.

Mzee Tadeo alikuwa jirani yangu, tulitenganishwa na uzio tu. Alizaliwa Poland. Vita vilimtupa yeye na mama yake mpaka Tanganyika, kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Arusha. Watu wengi hawajui kwamba Wapolandi nao waliwahi kuwa wakimbizi kwetu. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma. Wiki tuliyohamia hapa alinisikia nikimwita binti yangu Ketia kwa Kiswahili, akaja mpaka kwenye uzio akasema, "Jambo, bwana. Natoka wapi?" Mzungu wa miaka themanini na kitu, na Kiswahili chake kibovu cha utotoni. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi. Aliondoka nyumbani na bastola aina ya Vis kiunoni, hakurudi tena. Ndiyo maana mzee alizikusanya. Tatu tu, zote za kiwanda cha Radom: Vis ya kabla ya vita, yenye tai wa Poland ubavuni, rivolva ya Nagant, na Tokarev iliyotengenezwa baada ya vita. Vis na Tokarev zilirefushwa mitutu kwa fundi, milimita chache tu, kwa sababu sheria ya hapa haimruhusu mpiga shabaha kuwa na mtutu mfupi. Wakusanyaji wengine waliona ameziharibu. Yeye alisema bora iharibike kidogo lakini ipige.

Siku ya kwanza aliyonipeleka klabu, mlio ulipolia tu nilikuwa tayari nimechuchumaa chini ya meza. Mtu mzima, mbele ya watu. Nilikuwa na miaka minane tulipokimbia risasi, na magoti yangu hayajasahau. Mzee hakucheka. Aliniwekea mkono begani. "Polepole, bwana. Hapa risasi nakwenda mbele tu."

Nikarudi Jumamosi iliyofuata. Nikapata leseni. Miaka sita nilikwenda naye.

Sijawahi kumweleza mtu vizuri kwa nini. Mpini wa Vis unapanuka kuelekea chini, unajaa kiganjani kama umepimwa kwa ajili yako. Unavuta pumzi, unatoa nusu, kidole kinafanya kazi yake. Maisha yangu yote mlio ulinijia wenyewe. Pale, mimi ndiye niliyeamua uje lini.

Macho yake yalipokufa, mzee alinihamishia zote tatu kwa karatasi halali. "Wewe nachunga," alisema. Baada ya Pasaka nimonia ikamchukua.

Tangu hapo siku zinafanana. Naendesha foklifti ghalani, narudi, nakaa. Chakula hakina ladha. Ndugu kanisani wananiambia niombe. Naomba, si kwamba siombi. Siku moja Ketia aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama nimemkasirikia.

Jumamosi iliyopita nilikuwa klabu, Vis mkononi, shabaha mbele yangu. Wazo likanijia. Halikuja na kelele. Lilikuja taratibu, kama mtu anayekukumbusha jambo dogo ulilosahau. Sitaliandika hapa. Mtakuwa mmeelewa.

Nilitoa magazini yenye risasi. Nikahakikisha chemba ni tupu, nikaweka bastola mezani, nikarudi nyuma hatua mbili. Msimamizi siku ile alikuwa Lorraine, mama mmoja wa hapa hapa, mwenye sauti kali ambayo hata wanaume wakubwa huitii.

"Lorraine," nilimwambia, "chukua hii. Usinirudishie hata nikikuomba."

Alinitazama usoni, si mkononi. Aliifungia Vis kwenye sefu ya klabu, akampigia mke wangu, halafu akakaa nami kwenye chumba cha chai mpaka Mama Ketia alipofika. Alinimiminia chai mara tatu.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari. Aliuliza, nikamwambia yote. Aliniambia waziwazi kwamba atalazimika kuwaarifu polisi. Jumatano wakaja askari wawili, wapole, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Vis walishaichukua kule klabu. Walikuja kwa hizo mbili na leseni. Mmoja alishika Nagant kama anashika spana, na mimi, katika hali ile, nilitaka kumwelekeza namna ya kuishika.

Nikauliza kama zitarudi. Alisema hajui. Uchunguzi una hatua zake, na leseni ikifutwa kabisa zitauzwa, au zitaharibiwa.

Zitaharibiwa.

Mbili zilipita vita, zote zikavuka bahari, zikatunzwa na mtoto aliyekuwa akimngoja baba. Zimekuja kuishia kwangu, kwa mdomo wangu mwenyewe. Ningenyamaza zingekuwepo. Tangu Jumatano nafikiri hilo tu, na linanitia aibu kuliko lile wazo lenyewe: kwamba nalilia vyuma, wakati mke wangu hathubutu kwenda dukani na kuniacha peke yangu.

Mama Ketia hakuwahi kuzipenda. "Tulizikimbia, wewe unazifuata," alizoea kusema. Nilidhani atashukuru zimeondoka. Asubuhi hii alinikuta mbele ya sefu, nimesimama tu. Hakunikemea. Aliifuta mikono yake kwenye kanga, akaja akasimama karibu nami, naye akatazama ndani ya sefu tupu kana kwamba kuna kitu.

"Baba Ketia, unajuta kumwambia yule mama?"

Ningeweza kusema hapana. Angefurahi.

"Ndiyo," nikasema. "Najuta sana."

"Haya, juta," akasema. "Juta mwaka mzima ukitaka. Ila jutia hapa, nikuone."

Kisha akaenda kuzima jiko, maana uji ulikuwa umeanza kuungua.

Sijapona, na sitaki mtu anayesoma hapa adhani nimepona. Huzuni iko pale pale ilipokuwa jana. Ila Jumanne nina miadi nyingine na daktari, na nimemwomba Mama Ketia tuingie wote mpaka ndani, asikie kila kitu, hata lile ambalo sikuliandika.

Amekubali. Sasa ninachoogopa ni Jumanne, na ni miezi sasa sijaiwazia siku ambayo bado haijafika, hata kwa kuiogopa.