Mama Yako Hakuomba Mapishi

Mkunazini, Mji Mkongwe,
Unguja.
11 Januari 2025

Mpendwa mwanangu Ahmada,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe, mkeo Shadya na wajukuu zangu, na kwamba baridi ya huko Uingereza haijawadhuru. Marahaba yangu naitanguliza hapa. Siku utakapoikumbuka shikamoo, utaikuta inakungoja. Sisi tuko salama. Goti langu linauma ninapopanda ngazi. Mama yako yu mzima wa mwili. Ya moyo nitayaandika.

Nimechagua karatasi kwa sababu simu zangu huzipokei.

Tangu baba yako, ndugu yangu Mmanga, alipofariki katika mwezi wa Mfunguo Saba, mama yako amekaa eda katika chumba cha juu. Mazishini hukuja, ulisema ndege imekosekana, nikakuamini. Arubaini ikapita, ulisema kazi, nikanyamaza. Mwezi uliopita mama yako alikupigia simu akakuuliza kinapikwaje kile kitamutamu cha matunda ulichompikia baba yako ulipokuja mara ya mwisho. Siku ya pili ukamtumia ujumbe wa sauti.

Ujumbe huo nimeusikiliza, maana mama yako alimpa Bi Kidawa, mke wangu, simu yake aniletee huku chini. Umezungumza kwa ufasaha. Umeeleza kwamba siagi iwe baridi, ifikichwe pamoja na unga na sukari kwa ncha za vidole mpaka ziwe chenga. Matunda yalale chini, chenga zimwagwe juu bila kushindiliwa. Umeeleza hata rangi ya kuepulia. Jina la baba yako hukulitaja. Neno "nakuja" halimo.

Basi nimepika mimi. Nimefundisha maisha yangu yote na sijawahi kuepua hata chai, lakini nilikwenda soko la Mwanakwerekwe nikachagua embe shomari, kwa kuwa matufaha hutufikia yakiwa yamechoka safari. Nikazimenya, nikazikata, nikazitia iliki na sukari kidogo. Siagi ya huku haikai baridi. Niliirudisha katika friji kila mara kama mgonjwa anayerudishwa kitandani. Nilipozipata chenga sawasawa nikatoka kwenda msikitini kusali alasiri.

Niliporudi, Bi Kidawa alikuwa amekwisha kuzimwagia tui na kuzikanda.

"Unga ulikushinda, Mwalimu," akaniambia. "Nimekusitiri."

"Haukunishinda. Ndivyo unavyotakiwa uwe."

"Vile? Vile ni vya kuwamwagia kuku."

Sikumlaumu sana. Hakuna mwanamke wa nyumba hii anayeweza kuona unga umeachwa bila kukandwa akapita njia yake. Tulikula chapati za sukari jioni ile, nami nilizila kwa ghadhabu. Siku iliyofuata nikaanza upya, na sala nikaisalia karibu na mlango wa jiko. Nikapalia mkaa chini na juu ya kifuniko, kama tunavyopika biskuti, mpaka chenga zikapiga wekundu na maji ya embe yakachemka pembeni. Kwa haki niseme: ni chakula kizuri, na ni chepesi kupika. Ukiweza kumweleza mtu kwa simu, unaweza kumpikia kwa mkono. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Bi Kidawa akakipandisha juu. Mimi nilisimama nje ya pazia la mlango, kwani mimi si maharimu wake na eda ina mipaka yake. Nilisikia kijiko mara chache.

"Ahsante, shemeji," mama yako akasema. "Kitamu. Lakini ningetaka mapishi ningemuuliza Kidawa."

Nilishuka ngazi polepole, na hasira niliyokuwa nayo jikoni ikawa si kitu mbele ya hii ninayoiandika.

Ahmada, mama yako hakuomba mapishi. Mwanamke wa Uroa kama yeye hamwambii mwanawe mtu mzima, "Njoo, nakuhitaji." Humuuliza habari ya chakula alichowahi kupika, akamwachia nafasi ya kusema, "Nitakuja nikupikie." Nafasi hiyo wewe uliijaza siagi.

Alikula nusu ya sahani. Nusu akaifunika kwa kawa akasema ni fungu lako. Asubuhi sisimizi walikuwa wamekwisha kulipata. Bi Kidawa akataka kuliondoa kawa. Mama yako akakataa. Akaiosha sahani, akairudisha tupu mahali pake, akaifunika.

Eda inamalizika katikati ya Shaabani. Wanawake watamwogesha na kumvisha, kisha atazishuka ngazi hizi kwa mara ya kwanza tangu liliposhuka jeneza la baba yako. Unazijua zilivyo wima, na macho yake hayazioni vizuri tena. Anataka mkono wa mwanamume wa kwake. Kaka zake wote wametangulia mbele ya haki. Mkono wangu haujuzu. Umebaki wako. Sikuombi, nakuagiza, kwa kuwa aliyekuwa na haki ya kukuagiza tumemzika bila wewe.

Bi Kidawa anakusalimu, na anasema bado hauamini unga usiokandwa. Jirani yetu Bi Zuleikha naye anakusalimu. Nisalimie Shadya na watoto, uwaambie sina hasira nao. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, na akulainishie moyo kabla ya njia.

Embe zitakuwa zinamalizika, lakini nitazitafuta. Siagi nitaiweka katika friji. Chenga utazifikicha mwenyewe, na kawa utalifunua mwenyewe.

Ni mimi ami yako, nikupendaye kiasi cha kughadhibika,

Khatib Mcha