Shati la Rufino

Quitilipi, 19 Februari 1968

Rufino wangu,

Hujambo huko Charata? Sisi wazima, ila joto linatuchoma, na binti yako anaota jino. Kanitafuna kidole utadhani mbwa. Umesema injini ya ndege inakohoa ukipaa na tangi la dawa limejaa. Mwambie bosi! Pamba yake ikiliwa na viwavi atapanda nyingine. Wewe nitakupanda wapi?

Mkeo, Nélida

Charata, 24 Februari

Mama Zulema,

Salamu nyingi, na usishtuke: niko mzima. Jana injini ilizima juu ya shamba, kimya kabisa. Nikafungua tangi kumwaga mzigo. Nusu ikatoka, nusu ikabaki. Ndege nikaishusha kwa tumbo katikati ya pamba, tangi likapasuka, dawa ikaniogesha. Aníbal, mpakiaji wetu, alinivuta nje huku akicheka: "Afadhali leo umeoga, mchafu we!" Sina hata mchubuko, kichwa tu kinauma. Nguo nimempa dereva wa basi kama kila wiki, unifulie.

Mumeo

Quitilipi, 27 Februari

Baba Zulema,

Umeamkaje? Kichwa kimepoa? Namshukuru Mungu aliyekushusha salama. Furushi limefika asubuhi. Shati bado bichi, linanuka kama kitunguu saumu, lakini sijalifua. Mwanao amekulilia wiki nzima. Nilipomviringishia hilo shati akanyamaza papo hapo. Anamjua babake! Mpaka sasa kalala nalo, hata ziwa hataki. Udenda unamchuruzika mno, nadhani jino ndilo linatoka. Nimemfunua jicho, mboni imekuwa ndogo kama tundu la sindano. Ni jua hili la mlangoni. Hata mimi naandika macho yana ukungu, labda ni furaha. Njoo umwone.

Mkeo

Charata, 27 Februari

Nélida,

Usifungue furushi. Mimi na Aníbal tulilazwa Jumapili, nimezinduka leo. Yeye amefariki, na alinishika tu kunivuta. Daktari kasema dawa ile hupenya kwenye ngozi. Viatu vyangu kavichoma moto. Shati usiliguse, mtoto asilisogelee. Ukiwa umeshalishika, mvue nguo, muoge kwa sabuni, mkimbilie hospitali.

Posta wamefunga kwa sikukuu ya kanivali, telegramu haziendi. Basi la leo limeshaondoka. Barua hii itapanda la kesho.

Nijibu, mama, hata neno moja.

Mumeo