Matanga ya Haldrin, Mlinzi wa Lango

Barabara ya Dixon,
Kingsview Village,
Toronto, Kanada.
10 Novemba 2013

Mpendwa wifi yangu Mghoi,

Nipokee, maana nakuja na salamu za nyumba nzima. Mko salama huko Werugha? Mama anaendeleaje na magoti yake? Ile dawa ya kuchua niliyompa yule mgeni wa Mwatate ilifika, au aliitia mfukoni mwake? Na wewe mwenyewe, kifua kimekuacha? Usinijibu "hatujambo" kisha ukanyamaza kama kawaida yenu Wataita. Mimi mtoto wa Changamwe, nataka kuambiwa mtu anaumwa wapi na tangu lini. Sisi huku tu wazima. Baridi imeshaanza kututafuna masikio, lakini tunaamka, tunakwenda kazini, tunarudi, tunamshukuru Mungu.

Najua unajiuliza, barua ya nini na simu ipo? Wifi, simu ya kwenu husikilizwa na nyumba nzima. Hata jirani aliyekuja kuomba chumvi huitwa aje amsalimie Wamaitha. Haya ninayokuandikia nataka uyasome peke yako kwanza, halafu wewe ndiye utajua namna ya kumfikishia Mama.

Ni habari za binti yangu Melissa. Yanayosemwa huko nayajua, usidhani hayanifikii. Tangu mwaka juzi tulipomzika kaka yako Zachariah, Mama anasema mjukuu wake huyu hana moyo. Hakuja mazishini, hakulia kwenye simu, na kila mkipiga mnaambiwa amelala au anaoga. Kutokuja, sababu unaijua: makaratasi yake ya kuishi hapa yalikuwa hayajatoka, na angevuka mpaka angefungiwa nje. Nilimwacha Richmond Hill kwa kina Kanizfatema, rafiki yake wa shule, nikapanda ndege na maiti ya baba yake. Lakini hilo la kutolia, wifi, lilikuwa kweli. Hata mimi sikumwona akitoa chozi. Nikimtaja baba yake, anainuka anatoka. Jambo hilo lilinitisha kuliko ujane wenyewe.

Sasa nikueleze habari za Orvane, na usinicheke. Orvane ni mchezo wa televisheni, hadithi ya kubuni, una majoka yanayosema na wachawi na watu waliovaa manyoya wanaokatana mapanga kila wiki. Zachariah alikuwa haukosi. Akitoka zamu, hata sare ya ulinzi hajaivua, anakaa na binti yake kwenye kochi na sahani ya viazi, na mimi naambiwa ninyamaze. Kipenzi chake alikuwa mzee mmoja mnene anayeitwa Haldrin, mlinzi wa lango la mji, aliyemlea msichana yatima. Zachariah akimwona hupiga makofi: "Mlinzi mwenzangu huyo! Tazama, hata yeye hawajampa kiti." Basi Melissa anacheka mpaka anashika mbavu.

Baba alipoondoka, Melissa hakuacha kutazama. Akazidi. Yeye na Kanizfatema wakajiunga na kundi la mashabiki ambao kazi yao ni kufuatilia magazeti. Kila gazeti linaloutaja mchezo huo, liwe la London au la hapa mjini, wao wanalitafuta, wanasoma, wanaweka kwenye mtandao jina la gazeti, tarehe na ukurasa, kisha wanabishana. Mwandishi fulani akisema mchezo umepoa, weee, utadhani ametukana kanisa! Kuna mmoja aliandika kuwa majoka yale yanafanana na kuku walionyonyolewa, wakamwandikia barua mpaka akaomba radhi.

Na mimi nikaingizwa kwenye kazi hiyo. Unajua nahudumia wazee katika nyumba moja ya kuwatunza. Wale wazee magazeti ni chakula chao, wakimaliza wanayaacha mezani, nami nikawa nayakusanya nikitoka. Nikifika nyumbani Melissa anakuja mlangoni na Kiingereza chake: "Mum, kuna kitu leo?" Ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu, wifi, hayo tu. Kwa hiyo nilibeba magazeti hata siku za theluji, hata mgongo ukiniuma. Ningemletea duka zima.

Mwezi wa tisa zikaanza tetesi. Gazeti moja likasema mwigizaji wa Haldrin amechoka kuvaa deraya nzito ya chuma na anataka kuacha. Jingine likasema hapana, ameonekana akila chakula na mwongozaji, amekubali kubaki. Watoto wale hawakulala. Walikuwa wanasoma habari za mwigizaji huyo kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Kanyoa ndevu? Basi Haldrin anakufa. Hajanyoa? Labda atapona. Melissa alikuwa ameshika upande wa kupona, na hakutaka kusikia mwingine.

Jioni moja nikamletea gazeti kama kawaida, sikulifungua. Ndani ukurasa mzima: Haldrin anauawa, ameshikilia lango la mashariki ili watu wa mji wakimbie. Mwandishi alikuwa ameonyeshwa kipindi hicho mapema. Melissa alisoma amesimama, akalikunja gazeti vizuri, akaingia chumbani. Chakula hakugusa. Mwenzangu, neno lilinifika mdomoni, la kumwuliza unamwomboleza mtu wa kwenye televisheni na baba yako je? Nikalimeza, sijui Mungu alinishikaje ulimi.

Yeye na Kanizfatema wakabuni jambo. Wakaandika tangazo la kifo, wakalipeleka kwenye gazeti dogo la mtaa linalogawiwa bure, nalo likachapa bila kuuliza. Nia yao magazeti makubwa yaone mashabiki wanavyoomboleza, yaandike, nao wapate habari nyingine ya kuorodhesha. Lilisema hivi: Haldrin, baba mlezi mpendwa, ameaga dunia akiwa kazini, akilinda lango. Ameacha binti. Marafiki wapige simu namba fulani. Na namba, wifi, ilikuwa ya nyumba yangu!

Hapo ndipo alipoingia Mutuma, katibu wa kanisa letu la Kiswahili. Mutuma ni Mmeru mmoja mpole, na ana desturi yake: kila wiki husoma matangazo ya vifo ya magazeti yote ya mji huu, tangu siku mwenzetu mmoja alipofia hapa akazikwa na manispaa sisi hatuna habari. Aliapa haitatokea tena. Basi akaona namba ya kwangu, anayo kichwani. Akaona "mlinzi, amefia kazini", na nusu ya wanaume wa kanisa letu ni walinzi wa majengo. Jina Haldrin halikumsumbua hata kidogo. Alidhani ni Mtaita! Baadaye aliniambia, "Majina ya ukweni kwako mimi huwa siyawezi." Hakupiga simu, maana mfiwa hasumbuliwi kwa simu, anaendewa. Akawaambia kina mama.

Jumamosi mchana narudi kutoka kazini, natoka kwenye lifti, naona viatu. Viatu vimejaa nje ya mlango wangu, vya kike na vya kiume, na ndani wanaimba wimbo wa msiba. Mtu uliye na mtoto mmoja tu, ukikuta viatu mlangoni, hufikirii kitu kingine. Niliita "Melissa!" kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi.

Akaitika. Alikuwa kwenye kochi, amebanwa katikati ya kina mama, leso imetupwa mabegani, macho yamemtoka. Jikoni Mama Kiprotich amefunga kiuno anapakua pilau kwenye sufuria ya kanisa. Kumbe mtoto alikuwa ameshawaambia kwa Kiingereza, mara nyingi, kwamba huyo mtu hayupo, ni mchezo tu, na kina mama wakawa wanatikisa vichwa: maskini, msiba umemchanganya akili. Mmoja alimpepea.

Mutuma akasimama kunipa pole ya marehemu Haldrin. Nikapasuka. "Haldrin gani? Haldrin ni mtu wa televisheni! Anapigana na majoka!" Nilikuwa nusu hasira nusu furaha kwamba mtoto wangu yu hai, na nilikuwa tayari kuwafukuza wote na masufuria yao. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akakanyagwa mguu.

Mutuma alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Angeweza kuona haya akatoka, au akakasirika kwamba kanisa limechezewa. Badala yake alikwenda akachuchumaa mbele ya Melissa, mzee mzima yule, akamwuliza polepole, "Mwanangu, na huyu mlinzi alikuwa nani kwako?"

Melissa alimtazama. Mtoto wangu huyu Kiswahili anakisikia chote, lakini tangu chekechea hujibu kwa Kiingereza, baba yake alikuwa akimtania kwamba ana masikio ya Mombasa na mdomo wa Toronto. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili. Nakuandikia alivyosema, sikitengenezi:

"Baba yangu alikuwa mlinzi. Yeye alikuwa anafanya kazi usiku, na asubuhi anatembea na mimi shule na uniform yake. Mimi nilikuwa naona haya. Nilimwambia asimame mbali, ng'ambo ya barabara. Na yeye alikuwa anasimama mbali. Kila siku alikuwa anasimama mbali, ananipungia tu. Halafu akakufa na mimi sikumzika."

Mungu wangu. Hakumaliza. Kilio kilimtoka kama mtu anayetapika, akaanguka mbele, Mutuma akamdaka. Nami nilikwenda chini palepale, na mkoba wa kazini begani. Tulilia, Mghoi. Kina mama wakalia nasi, kila mmoja na wake aliyemzikia mbali kwa simu, maana huku hakuna asiye naye. Mama Kiprotich alilia na mwiko mkononi. Hakuna tena aliyemtaja Haldrin. Wimbo ulipoanza upya, ulianza kwa jina la Zachariah.

Walikaa mpaka jioni. Watu walisimama wakamsema kaka yako, jinsi alivyokuwa akiwafungulia wageni mlango wa kanisa kama wa benki, jinsi alivyoimba bezi vibaya na kwa nguvu. Melissa alisikiliza yote, kichwa kimelala mapajani mwangu kama alipokuwa mdogo. Pilau liliisha. Mutuma wakati wa kuondoka aliniomba msamaha, nikamwambia asithubutu.

Kisa kilienea, unajua watu wetu. Siku ya tatu mwandishi wa gazeti kubwa, lile wanalolifukuzia kila siku, akapiga simu. Anataka kuja na mpiga picha aandike habari za kanisa la Waafrika lililofanya matanga ya mtu wa televisheni. Kanizfatema aliruka kwa furaha, maana hakuna shabiki duniani aliyewahi kupata ukurasa kama huo. Melissa alichukua simu akamwambia yule mwandishi, kwa adabu, kwamba hakuna habari. "Lilikuwa jambo la familia." Akakata. Kanizfatema alinuna siku mbili, kisha akaja na keki.

Sasa ndilo ombi langu. Makaratasi ya Melissa yametoka, na Desemba anakuja kwenu, mimi nitamfuata wiki ya pili nikipata ruhusa. Anataka kufika kaburini. Naomba usimpeleke na msafara wa watu. Nenda naye wewe, shangazi yake, umweleze siku ile ilivyokuwa, nani alisema nini, udongo ulikuwaje, mvua ilinyesha au la. Mimi nilikuwepo lakini sikuona kitu. Na msimcheke Kiswahili chake, ndicho alichonacho, na anakitoa mbali.

Nisalimie kaka Mwakio na watoto wake, mama mchungaji, na jirani yako wa chumvi, maana najua ataisikia barua hii siku moja. Mwambie binamu Wakesho picha za harusi zilifika, amependeza kupita kiasi. Mungu awafunike nyote, awape mvua ya kutosha mahindi na si ya kubomoa njia.

Na Mama. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada, Melissa atapiga simu yeye mwenyewe, si mimi. Mkalishe Mama vizuri, mpe simu, kisha utoke umwachie chumba. Lakini kabla hajaishika mwambie, tafadhali wifi, asimwulize mtoto kwa nini hakumlilia baba yake. Mwambie amelia. Mwambie nilikuwepo, nilimshika, na amelia.

Wako akupendaye daima,
wifi yako,
Wamaitha