Nilijibandika Plasta ya Chanjo Nisiyochomwa

Mshauri, nisitiri kwanza ndipo unisaidie, maana haya sijamwambia hata mama yangu mzazi.

Mimi ni fundi cherehani, tunashona sare za shule, wanane chumba kimoja, madirisha tunayafunga upepo usipeperushe vitambaa vilivyokatwa, nina mimba ya miezi saba, ya kwanza, na mume wangu ni fundi wa majokofu, mpole, hana neno na mtu, ila kabla yangu alikuwa na mchumba, na huyo mchumba ndiye nesi anayechoma sindano kliniki yetu, nami sikulijua hilo mpaka mwezi jana nilipopanga foleni ya chanjo ya mafua makali, akapokea kadi yangu, akasoma jina la mume, akacheka mpaka magego yakaonekana, akasema mbele ya foleni nzima, "Kumbe ndiye wewe uliyemchukua! Haya niambie, bado anakoroma yule?"

Mshauri, nilihisi nimemwagiwa maji ya moto. Nikanyakua kadi yangu, nikasema naenda msalani, nikaishia duka la dawa, nikanunua plasta, nikajibandika begani, na nyumbani nikasema nimechomwa, mume wangu akaibusu ile plasta, "Safi, mama watoto, sasa wewe na mwanangu mmekingwa."

Nikadhani yameisha, kumbe nesi hakuacha, namba iliyo kwenye daftari la kliniki ni ya mume wangu, basi akawa anapiga jioni mume akiwa bafuni, na mimi simu ile naijua namba yake ya siri, nikawa nafuta, mpaka akatuma ujumbe, "Shemeji, mkeo hakurudi, mlete," nao nikaufuta, maana shemeji ya nini, si anajipitisha tu kwa kisingizio cha tumbo langu?

Siku tano zilizopita mume wangu akarudi kazini anakohoa, mwili unawaka, akachukua mto akalale sebuleni, mara akajipiga paji la uso, "Aa, si umechanjwa!" akapanda kitandani, nami nikasogea nikampisha. Leo ni siku ya pili nina homa, viungo vinauma, na nikipanda ngazi kifua kinabana. Wifi yangu ananicheka, "Chanjo gani hiyo, au walikuchoma soda?" Mume anataka tuende kliniki na kliniki yuko yule, nimekataa, nimesema ni uchovu. Naomba unieleze, nimfanyeje mume wangu akate mawasiliano na huyo mwanamke bila kujua kwamba nilikuwa nafuta?

Fundi wa Sare

MSHAURI ANAJIBU

Fundi wa Sare, ujumbe wako uliingia asubuhi na jibu hili nimelituma kwenye simu yako papo hapo. Gazetini linakuja baadaye, kwa ajili ya wenzako. Vaa viatu huku unasoma.

Umeniuliza habari za nesi. Mimi nakujibu habari za kifua, maana nesi atangoja, kifua hakingoji. Mafua haya si ya kupenga kamasi na kuendelea kushona. Mjamzito, mwili wake umejigawa: moyo na mapafu vinafanya kazi ya ziada, kinga nayo imebadilika, ndiyo maana homa inayomlaza mumeo siku tatu inaweza kukulaza wewe wodini kwa nimonia, au mtoto akaja kabla ya wakati. Kubanwa kifua si uchovu. Nenda sasa hivi, hospitali yoyote, kama kwa nesi yule huwezi. Dawa za kupambana na virusi vya mafua hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya siku mbili, na wewe siku ya pili ndiyo hii. Usinunue vidonge vya kubahatisha duka la dawa. Hapo ulishanunua plasta, inatosha.

Na mlangoni utatamka maneno haya: "Nina mimba ya miezi saba, sikuchanjwa, pumzi inabana." Sema pia kama mtoto amepunguza kucheza. Mumeo awepo asikie. Atakasirika? Akasirike! Uliyemdanganya ni mtu aliyetaka kulala sebuleni ili akulinde. Ingawa naye nina neno naye: chanjo si ukuta wa zege, mgonjwa hujitenga, huziba mdomo akikohoa, hunawa mikono, hata kama mkewe kachanjwa mara kumi.

Nesi yule ana kosa, na sitalifunika. Kadi ya mgonjwa si gazeti la udaku. Ukipona, kamshtaki kwa mkuu wake, nami nitakusaidia kuandika. Lakini huyo huyo ndiye aliyekutafuta mara zote hizo ukachanjwe, wewe ukimfuta. Uliona mwizi wa mume. Mimi naona mtu aliyekuwa akimtafutia mwanao kinga, maana kinga ya mama humfuata mtoto, na mtoto mwenyewe hachanjwi mpaka afike miezi sita. Ukishapona uliza siku ya kurudi kuchanjwa. Chanjo hiyo haina kirusi hai. Na huko kazini fungueni madirisha, vitambaa viwekeeni mawe.

La mwisho, kuhusu kukoroma. Mwanamke anayemtaka mwanamume hatangazi mkoromo wake kwenye foleni. Yule alishauchoka, akakuachia. Ni wako sasa. Nenda ukatibiwe, uusikie miaka mingi, na mwingine mdogo, wa mwanao, ukiuitikia pembeni.